Mguu Ulioonwa na Maelfu

Chumba Na. 6, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Hospitali.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa Dada,

Assalaam alaykum. U hali gani, na kifua kinakusumbua bado? Shemeji na macho yake je? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo haijatulia.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu niliizima juzi usiku, nikaifungia sandukuni chini ya nguo. Sababu unaijua, maana mwanao ndiye aliyeirusha ile video kwenye kundi la familia na kuandika, "Mjomba siku hizi anaiswalia kamera." Nikaona umeifungua. Hukusema kitu. Tangu hapo Ijumaa tatu zimepita bila sauti yako, nawe hukuwahi kuniruka hata Ijumaa moja.

Dada, sikujipiga video mimi. Kazi yangu unaijua, kufua mashuka ya wagonjwa. Mashine kubwa ikianza kusuuza huchukua dakika ishirini, na hizo ndizo ninazoswalia, pale konani penye makapu. Dereva wa gari la mashuka alinipiga kwa siri. Nia yake ilikuwa njema, masikini. Kila akifungua simu anaona Mwislamu ni bomu au kisu, akataka watu wamwone mmoja anayefua mashuka. Ila hakuniuliza.

Basi wakaichukua. Mmoja akatia ving'ora na maneno, "Wamo hadi hospitalini." Huyo hanijui, nikamwacha. Walioniumiza ni wenzetu. Ghafla kila mtu akawa mufti! "Tazameni anavyokaa tahiyatu, kanyoosha mguu kama anapunga upepo." "Huyo hata swala hajafundishwa." Wengine wakanigeuza walii, wakanisifu mpaka nikaona haya. Katika maelfu yote hayo, hakuna aliyenitolea hata salamu.

Kazini nako kukapoa. Mama anayepiga pasi, ambaye miaka minne amekuwa akiniambia, "Nenda kasali mzee, mashine naiangalia," alinyamaza. Nikawa nakula peke yangu huku natazama mashine ikizunguka, na kuswali mbiombio nyuma ya rafu kama niliyeiba sabuni. Upweke wa namna hii sikuuona hata mwaka ule wa kwanza nilipofika mji huu.

Juzi yule mama akanijia na shuka kuukuu alilolikunja vizuri. "Mzee, huo mguu unakuuma? Kwenye video nimeona haukunjiki. Wekea hili chini." Kumbe alinyamaza kwa aibu; yeye ndiye aliyemtajia dereva saa zangu za kuswali.

Nikamsimulia. Jinsi nilivyopanda ngazi kupaka chokaa chumba chako cha harusi, wewe umeishika chini, ukasikia maziwa yanafurika, ukaiachia ukakimbilia jikoni. Mimi goti likavunjika, na maziwa yakamwagika vilevile! Alicheka mpaka akaunguza foronya. Nami nikacheka, kisha nikalia, maana duniani kote ni wewe tu ambaye ukiuona mguu huu huna haja ya kuuliza una nini. Na wewe ndiye uliyenyamaza.

Sikuombi uwajibu walimwengu. Walimwengu hawana jema. Mwambie mwanao tu. Mwambie ngazi ile aliiachia nani.

Na kama ulinyamaza kwa sababu mguu huo ulikurudisha kwenye ngazi, Dada, mimi nilikusamehe kabla maziwa hayajakauka sakafuni. Ijumaa baada ya swala nitaitoa simu sandukuni.

Nisalimie sana Shemeji, na Shangazi asiyependa kusalimiwa. Huyo mpwa wangu mwenye ulimi mwambie ningali mjomba wake. Mungu akupe afya ya kifua, akuzidishie pumzi ya kuniita.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
mwenye lile goti.