Plasta ya Kisiginoni

Mikindani,
20 Novemba 2005

Dada Sharifa,

Mwanaidi amehitimu! Digrii ya kompyuta, dada, na aliyemkwamua mwishoni ni mimi hapa, darasa la saba wa Mikindani, kwa kisigino cha biharusi!

Haya, habari imetangulia, salamu zimebaki mlangoni. Shikamoo dada yangu. Hujambo? Shemeji Omari kifua chake kimetulia? Sisi wazima, muhogo upo, na mikorosho mwaka huu imebeba mpaka matawi yameinama. Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu baada ya miaka sita ya kuonana misibani tu. Nakuomba usiikunje barua hii, soma hadi chini.

Huyu binti yangu, ambaye ni mwanao pia, alikuja likizo mwezi wa sita amekonda, chakula anakitazama tu. Nikamuuliza kama ni mambo ya mwanamume, akasema afadhali ingekuwa mwanamume. Kazi yake ya mwisho ya chuo ilikuwa kuifanya kompyuta ichore ramani ya pwani yetu, kutoka hapa hadi mdomo wa Ruvuma. Kumbe kwenye kile kioo picha hukaa ndani ya madirisha, moja limepanda juu ya jingine. Basi kila akichora, mto unatoka kwenye dirisha lake unamwagikia la jirani. Nikamwambia Ruvuma ndivyo ulivyo, masika hauombi ruhusa. Alicheka kidogo, akasema hilo amelitibu: ameiwekea kompyuta mpaka, ichore ndani ya hapa tu, kitakachotoka nje kisionekane. Mto ukatulia. Ila sasa majina ya vijiji, yanayoandikwa pembeni mwa ramani, hayatokei. Anayaandika, kompyuta haigombi, lakini pembeni ni peupe. Na mwalimu wake keshasema ramani bila majina haipiti, zimebaki wiki tatu.

Siku hizo nilikuwa na biharusi, Hadija wa Mzee Hashimu. Hina yangu unaijua, kuanzia hapa hadi Madimba hakuna mkono mwingine, nasema bila haya. Nilikata plasta kwa umbo la maua, nikabandika miguuni, nikapaka hina juu. Palipo wazi pakashika rangi, palipofunikwa pakabaki peupe. Nikabandua, kisha pale peupe nikaja na piko, ile rangi nyeusi. Kisigino cha kushoto nilichora ua, dada, lingekutoa machozi. Shangazi yake mmoja akaligusa, ua likang'oka zima likabaki kidoleni mwake! Kumbe kipande cha plasta nilikisahau, piko yote imekaa juu ya plasta, ngozi haina habari. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu, wakaniuliza kama hilo ua biharusi atalibeba mkobani.

Mwanaidi hakucheka. Alisimama pale na sinia la hina mkononi, akasema, Mama, na mimi sikubandua. Nikadhani mtoto kachanganyikiwa. Kumbe ule mpaka aliouwekea mto, alipomaliza mto hakuuondoa, na kompyuta ilipofika kwenye majina ikawa bado inaufuata. Majina yalikuwa yanaandikwa yote, ila yanaangukia nje ya mpaka, jicho halioni kitu. Alirudi chuoni, akaongeza mstari mmoja tu wa kuondoa mpaka, vijiji vikatokea vyote. Na Mikindani kaiandika kwa herufi kubwa kuliko Mtwara mjini, usimwambie shemeji, atasema tumeudharau mji wake.

Sasa dada, hapa kalamu inakuwa nzito. Mdomo wangu unajua kujisifu, kutubu haujui, ndiyo maana naandika.

Barua ya Mwanaidi kuchaguliwa kidato cha tano, ile iliyopitia sanduku lenu la posta, uliniletea. Jumanne asubuhi, mkononi mwangu, na uji ukanywa. Niliificha ndani ya kopo la hina. Baba yake alikuwa hajatimiza mwaka kaburini, nikaona mtoto naye akiondoka nyumba itanimeza. Mwalimu Gladness wa shule yake alipokuja kuuliza mbona hajaripoti kidato cha tano, nikasema barua sijaiona, labda Sharifa kaikalia kwa wivu. Watu walikuwepo, wakalibeba hilo neno. Wiki ya pili Mwalimu akamfuatilia nakala ya barua, Mwanaidi akaenda shule. Wewe ukabaki nalo mpaka leo. Kanga uliyomtumia alipopata chuo, siku tatu ulizopika kwenye msiba wa mama, yote yalionekana kama si kitu, kwa sababu ya mpaka niliouweka mimi nikauacha pale.

Barua ninayo bado, inanuka mafuta ya mkaratusi ninayochanganyia hina. Nimemwonyesha Mwanaidi. Aliisoma tarehe, akanirudishia mkononi. Halafu akasema, Mama, hii nayo ni ya kubandua, na usiibandue chumbani.

Basi tunamfanyia dua ya shukrani hapa nyumbani. Mwalimu Gladness atakuja, na wote waliolisikia lile neno nimewaita kwa majina. Kabla ya pilau nitasimama na barua mkononi, niseme nilichokifanya. Lakini nikisema nawe hupo, nitakuwa nimechora tena juu ya plasta.

Njoo asubuhi nikupake hina miguuni. Safari hii plasta utabandua wewe mwenyewe. Wasalimie shemeji na watoto, na uje nao. Tunawangojea Jumamosi, tarehe kumi Desemba.

Mdogo wako,
Rukia