Taa ya Njano kwa Mama Manka

Jumamosi

Nimejiaibisha leo, na bado nacheka.

Asubuhi alinipigia Mama Manka, mwenye duka la jumla la madera pale Mchafukoge. "Mwanangu, ile seva yako inawaka njano." Tangu lini? "Tangu juzi ulipoondoka. Ila taa nyingine ni kijani, nikajua ndivyo inavyokaa."

Seva ile, kompyuta niliyomfungia ya kutunza mauzo, ina pawa saplai mbili za kuingiza umeme, kila moja na waya wake na taa yake. Kijani ni salama. Njano ni hitilafu, au haipati umeme. Yaani siku mbili mauzo yote ya duka yametegemea waya mmoja, na hakuna aliyeshtuka kwa sababu mashine haikuzimika. Hapo niliogopa kweli.

Nilifika nimekunja sura, hata kumwamkia nikasahau. Nyuma ya seva waya wa pili umelala sakafuni, na soketi yake imechomekwa kitu kingine. Nikaanza kuhubiri: mama, soketi hii si ya birika, si ya feni, ni ya seva tu!

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza? Basi chomoa chaja yako. Ipo hapo tangu juzi, nikasema nisiguse vitu vya fundi."

Kweli, yangu. Ile niliyodhani nimeibiwa Msimbazi, nikamlaani mwizi jana kutwa.

Nilichomoa chaja, nikachomeka waya. Taa ikawa kijani. Sikujua niangalie wapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi."