Nundu ya Paa la Hollis Tackett

Hollis,

Mwaka umetimia tangu asubuhi ile ulipoketi kitandani kuvaa viatu, ukavaa kimoja. Cha pili nilikikuta mkononi mwako. Ni mimi, Verna, mkeo, ninayeandika kwa niaba ya nyumba nzima. Wanaosoma gazeti hili nao na wasikie, maana nusu ya mji wetu wa Oildale imekalia viti ulivyoshona wewe.

Msichana wa gazeti ameniambia matangazo ya kumbukumbu huwa mafupi. Nimemjibu kwamba mume wangu alikuwa na futi sita na inchi tatu, hakuwahi kutoshea popote, na hapa pia hatatoshea.

Ulikuwa fundi wa viti na mapaa ya magari. Kwa karibu miaka hamsini karakana yako nyuma ya nyumba ilinuka gundi, ngozi na kahawa iliyochemka kupita kiasi. Ulishona upya mito ya mabenchi yote ya kanisa, na mchungaji alipokushukuru ukasema, "Mahubiri yako ndiyo yaliyoimaliza ile ya zamani." Jirani yetu Bi Etcheverry alipoanza kutembelea kiti cha magurudumu, ulimshonea mto. Ukarudi kwake mara tatu kuufumua na kuushona tena, mpaka siku aliposema haumchomi tena mgongo. Asubuhi za ukungu wa Desemba, ule usiomwonyesha mtu hata pua yake, uliwatangulia walimu na lori lako, taa zikiwaka, mpaka lango la shule. Kisha ulirudi nyumbani kula vimkate vya moto na mchuzi kana kwamba hukufanya lolote.

Ulifanya kazi na vijisumari mdomoni. Ulivisukuma kimoja kimoja kwa ncha ya ulimi, nyundo yako yenye sumaku ikavipokea, tap, tap, na turubai likakaa. Sisi wa nyumbani tulijua siri yake. Swali usilotaka kulijibu lilikukuta daima mdomo umejaa. Binti yetu Glenda alipokuuliza unamwonaje yule kijana aliyetaka kumwoa, ulitia konzi nzima.

Sasa nafika kwenye gari, kwa sababu hapo ndipo mwaka huu tulipotaka kukukosea.

Ile Fodi ya mwaka 1932 uliikuta imefanywa banda la kuku. Ukawafukuza kuku, ukaitia injini kubwa kuliko umri wake, ukaivua madigadi, ukakata kioo cha mbele kikawa kifupi kama jicho la mtu anayesinzia. Kioo kikishashuka, paa nalo lazima lishuke. Kazi hiyo ndiyo iliyokupa jina bonde zima. Paa la turubai limetandazwa juu ya mbavu tatu za mti, nazo zimeshikwa na vyuma vya pembeni vyenye bawaba, ili likunjwe lilale nyuma ya kiti. Wengi walikata vyuma ovyo, paa likagoma kukunjika milele. "Paa lisilokunjika," ulikuwa ukisema, "ni kifuniko cha sufuria." Yako yote yalikunjika kwa vidole viwili.

Na yote yalikuwa chini na yamenyooka, kama kofia iliyovutwa usoni. Wanaume walitoka Fresno na ng'ambo ya milima kukufuata kwa mstari huo. Wake zao walikaa ndani shingo zimepinda, kama kuku kwenye tenga, lakini nani aliwauliza?

Gari moja tu halikunyooka, nalo lilikuwa letu. Ubavu wa katikati ulisimama juu inchi moja na nusu kuliko ilivyopasa, turubai likavimba pale kama nundu. Kila Oktoba, kwenye mkutano wa magari, wenzako walikusubiri, wamesimama ukutani pao.

"Hollis! Ngamia wako hajambo?"

"Anakunywa maji kidogo kuliko gari lako linavyokunywa petroli," ulijibu, ukacheka nao.

Mwaka 1972 waamuzi wa mashindano ya mkutano huo wakaandika kwenye karatasi: mstari wa paa si sawa. Ulirudi nyumbani bila kitu. Nilikupakulia maharage na mkate wa mahindi, nikakuuliza, "Si uushushe tu huo ubavu? Ni kazi ya mchana mmoja."

"Kula, Verna. Mkate unapoa."

Mimi ndiye niliyekucheka kuliko wote. Nakiri hapa mbele ya watu. Kwenye kila karamu ya kanisa nilisema, "Mganga hajigangi, Hollis hunyoosha mapaa ya watu yote ila lake," na wanawake wakapiga makofi. Wewe ulitazama sahani yako. Nilidhani unaona haya kwa kosa lako.

Hata mwaka 1991 nilisema. Mwaka ule nilikuwa mgonjwa, dawa zimeninyoa kichwa kikabaki kama yai. Ukaniwekea kiti cha uvivu karakanani ili usiniache peke yangu. Turubai la zamani lilikuwa limeoza, ukawa unaliondoa. Mdogo wako Delbert alikuwepo. Akasema, "Kaka, nafasi ndiyo hii. Mbao ziko uchi, msumeno uko mezani. Nyoosha hiyo nundu tupumue."

Ukajaza vijisumari mdomoni.

"Mganga hajigangi," nikasema kutoka kwenye blanketi langu. Ukageuka ukanitazama, vijisumari vyako mdomoni, ukarudi kazini. Nilipona, Hollis, unajua. Nywele zilirudi, za mvi, fupi, nami sikuzihangaikia tena.

Mwaka huu, mwezi wa tisa, chama cha magari kikaomba Fodi yako itangulie msafara wa Oktoba kwa heshima yako. Turubai lilikuwa limechoka tena. Delbert akaja jikoni, akavua kofia.

"Shemeji, nisikilize. Tukiitoa vile ilivyo, kitu cha mwisho watakachosema juu ya kaka yangu ni ngamia. Nipe ruhusa. Naushusha ubavu ule, natandika turubai jipya, jina lake linatoka safi."

Nilitaka jambo hilo kuliko yeye. Uliishi na kicheko hicho miaka yote, nami nilikichochea. Nikaona angalau nikuondolee sasa. Nikasema, "Shusha. Huyo ngamia amenichosha." Nikaenda mwenyewe kuutoa msumeno wako kwenye msumari wake, nikamkabidhi.

Glenda aling'oa vijisumari, mimi nikavikusanya kwenye kopo la kahawa. Turubai likatoka. Delbert akaweka chaki pa kukatia, akainama kutazama vyuma, na hapo hakuinuka hata nikadhani mgongo umemshika.

"Nini tena?" nikamwuliza.

"Shemeji, njoo uone. Tundu la bawaba hii limetobolewa, likazibwa, likatobolewa tena. Mara tatu, pande zote mbili." Akakunja paa kwa vidole viwili, likalala bila ubishi, akaliinua tena. "Ubavu ukiwa juu namna hii, paa halikubali kukunjika. Alihamisha bawaba mpaka likakubali. Hii ni kazi ya wiki nzima. Mtu hakosei hivi, shemeji. Mtu anakusudia."

"Akusudie nundu? Ya nini?"

"Sijui mimi. Alikuwa mume wako."

Glenda alikuwa anafuta vumbi kwenye ubavu ule kwa kitambaa. Akasimamisha mkono. "Mama, vaa miwani. Hapa pana mwandiko wa Baba."

Ilikuwa penseli yako ile bapa ya seremala, herufi zako zilizolala kama majani baada ya mvua. *1964. Ghorofa ya Verna. Usishushe.*

"Ghorofa gani?" Delbert akauliza. "Verna ana ghorofa wapi?"

Hakuna aliyejua, kwa sababu neno hilo halikuwahi kutoka mlangoni mwa chumba chetu. Mwaka ule nywele zangu za Jumapili nilizijenga juu kama kichuguu, nikazipulizia dawa mpaka nzi hakuthubutu kutua. Kila Jumapili ulisimama mlangoni, funguo mkononi: "Verna, ghorofa imekwisha? Mchungaji ameshafika kwa Nuhu."

Nikakumbuka pia Jumapili moja tulipotoka kanisani. Uliniambia niketi ndani ya Fodi nikushikie tochi. Tochi, Hollis, saa saba mchana, jua la bonde likiyeyusha lami! Nikakushikia, nikakulalamikia joto, nikakuuliza unatafuta nini na hilo rula juu ya kichwa changu. Hukujibu. Ulikuwa na vijisumari mdomoni.

Basi nilikaa chini palepale, kwenye kiti chako cha kushonea, nikalia hata Glenda akaogopa. Wake za watu wote walipinda shingo kwa ajili ya mstari ulionyooka. Wewe ulipinda mstari. Ukaacha wakuite mzembe, waamuzi wakakukata alama, mkeo mwenyewe akakucheka mbele ya watu, wala hukufungua kinywa. Ungeniambia! Neno moja tu lingenifunga mdomo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Ninao wajukuu wawili, na haya majuto ni wa tatu.

"Mama," Glenda akasema, "yapo mengine huku mwisho."

Penseli ileile, mkono umezeeka kidogo. Niliyasoma mwenyewe, kwa sauti, maana nilitaka masikio yangu yasikie.

*1991. Itajengwa tena. Usishushe.*

Nilikuwa hatua tano kutoka kwako siku ile. Nilikuwa na kichwa kama yai, nikikukejeli kutoka kwenye blanketi, na daktari hakuwa amenipa ahadi yoyote. Ulikuwa umenigeuzia mgongo, nami nilidhani unapiga misumari.

Delbert aliufuta mstari wa chaki kwa mkono wa shati lake. Akaurudisha msumeno kwenye msumari. "Nimemtukana kaka yangu miaka hamsini," akasema.

"Panga foleni," nikamwambia. "Mimi ni wa kwanza."

Turubai jipya amelitandika Delbert, nundu iko palepale. Kabla hajalifunika, nami nimeandika kitu kwenye mti huo, kando ya mwandiko wako. Hicho hakiandikwi gazetini.

Jumamosi iliyopita, siku ya msafara, nilikwenda kwa msusi alfajiri. Binti yule akaniuliza, "Tupunguze kidogo, bibi?"

"Usipunguze. Nijengee."

"Nikujengee nini?"

Nikamwonyesha picha ya harusi yetu. Alicheka, kisha akaniona usoni akaacha. "Ni chache, bibi," akasema kwa upole, "lakini tutazichambua zisimame." Alichukua saa nzima na kopo zima la dawa.

Delbert aliendesha. Nilikaa upande wangu, paa limeinuliwa, tukatangulia msafara, na wazee walewale walikuwa wamesimama kwenye ukuta wao uleule, tumbo mbele. Mmoja akapaza sauti, "Verna! Mmeshindwa hata safari hii kumnyoosha ngamia?"

Nilimwambia Delbert asimamishe gari. Nikawaambia, "Njooni mniangalie nilivyokaa. Kisha mkawaangalie wake zenu." Wakaja, wakachungulia. Walinitazama mimi, wakatazama zile nywele, wakaitazama nundu juu yazo, na yule mwenye sauti akavua kofia yake taratibu. Mkewe, mama wa watu, alikuwa ndani ya gari lao lililoegeshwa kando ya ukuta, kidevu kifuani. Nilimsikia akisema, "Umeona?"

Tunakukumbuka, Hollis Ray Tackett: mimi mkeo, Verna; binti yako Glenda na mumewe Royce, yule aliyekugharimu konzi nzima ya misumari; wajukuu wako Casey na Trina; mdogo wako Delbert, ambaye sasa anashika nyundo yako; Bi Etcheverry na mto wake; na mabenchi yote ya kanisa. Siku haitapita kwetu bila jina lako.

Na ghorofa imejengwa tena, mume wangu. Haikugusa paa. Ilibaki nafasi ya nusu inchi, nami nimekuachia wewe.