Biira wa Redioni

Entebbe, Agosti 2017

Mama yangu,

Nasalimia Bwera nzima, hata mbuzi wangu. Hapa tunakula samaki mpaka nimenenepa.

Redio ilisema mpiga makasia Biira amezama ziwani. Najua mwanzoni ulijipa moyo: “Biira beko wengi, kwetu kila mutoto musichana wa pili ni Biira.” Mama, ni mimi. Lakini mashua ilipinduka tu. Chini ya maji nilifungua mikanda inayonifunga kitini, nikatoka mwenyewe. Mafuriko ya Kasese yalikula mguu wangu. Safari hii maji yameshindwa kunimeza.

Jumamosi nilishindana tena. Nikawa wa pili, kama jina langu.

Nasikia mulishaanza matanga, na nguo zangu zimegawanywa. Mwambie dada Mackline arudishe gauni langu la njano.

Mimi, mzima kabisa,
Biira