Chungu Changu na Maji ya Bondeni

Jumatatu, 8 Novemba 1976
Natwanga kimea tangu alfajiri. Mwenyekiti wa kijiji kaja na mgambo. Kaamuru chungu nikifunike, mirija niichome. Eti watu wanahara kwa pombe yangu. Kimpumu! Pombe ya ulezi inayomiminiwa maji yanayochemka, mtu akivuta kwa mrija machozi yanamtoka. Mdudu gani ataishi humo? Chungu nimekifunika. Mirija sichomi.

Jumatano, 10 Novemba
Wanywaji wangu wanaumwa, wasiokunywa wazima. Ni kweli, sibishi. Lakini wanywaji wangu ni akina nani? Ni walewale wanaolima shamba la kijiji bondeni. Mchana wanakunywa maji ya dimbwi, jioni wanapitia kwangu. Sasa kilichowaumiza ni dimbwi au chungu? Mwenyekiti kaona kimoja, kafunga kesi.
Nimewazungukia wazee wasiolima tena. Wanakunywa kwangu kila wiki. Wazima wote, tena wanauliza chungu kitafunguliwa lini.

Alhamisi, 11 Novemba
Wamebaki walokole. Wanalima bondeni, pombe hawagusi. Nimewauliza mmoja mmoja. Wazima, Bwana asifiwe. Nimerudi nyumbani nimevunjika moyo. Ada ya mwanangu iko kwenye chungu hicho.

Ijumaa, 12 Novemba
Nimemkuta Mama Elia, mke wa Mwenyekiti, mlokole wa benchi la mbele. Kajikunja nyuma ya migomba yake. Tumbo, tangu juzi.
“Usiseme, Mama Subira. Watasema nakunywa.”
Kumbe! Kuhara kumekuwa ushahidi wa ulevi, ndiyo maana walokole wanaficha. Nimemwahidi kunyamaza. Njia nzima nimejilaani.

Jumamosi, 13 Novemba
Mkutano. Nilisimama bila kupewa ruhusa. Nikasema: mnaolima bondeni na pombe hamnywi, semeni hali ya matumbo yenu. Sikumtazama Mama Elia. Mgambo akaniamuru nikae. Sikukaa, na nisingekaa hata angenibeba. Ndipo Mama Elia akainuka mwenyewe, kashikilia nguzo ya baraza. “Mimi naumwa. Pombe siijui.” Akafuata mwingine. Kisha karibu kwaya nzima.

Jumapili, 14 Novemba
Mvua ya kwanza. Amri haijafutwa, wala hakuna aliyeniomba radhi. Nimechemsha maji kwenye chungu kilekile, yakapoa, nikampelekea Mama Elia. Hakuweza kuinua kichwa anywe kikombeni. Nikatoa mrija mmoja. Mwenyekiti akaupokea, akamwekea mkewe mdomoni.