Mbili Kwake, Moja Kwangu

Jumapili, mchana. Joto la leo lina kiburi, umeme umekatika tangu asubuhi, na mimi nimerudi kutoka Pongwe na hasira ambazo hata maji ya kuoga hayakuzipoza. Kama umekuja hapa kutafuta maneno matamu, rudi ulikotoka.

Naandika kuhusu kaka yangu Nassor. Siku zote alikuwa na mkono wa birika na roho ya kwa nini. Leo ameongeza la tatu.

Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa na duka la vitambaa Ngamiani, na nyuma ya duka aliweka kasha lililojaa vitabu vya katuni. Si katuni za kuchekesha. Ni za makachero na majasusi, za zamani, karatasi zake zimeshageuka rangi ya chai. Wanaume wamevaa makoti marefu katika joto letu hili, bastola zinatoa moshi, wanawake wanaficha picha za siri kwenye visigino vya viatu. Alizikusanya tangu ujana wake. Kila hadithi ilitoka kwa matoleo, na kila toleo lilikatika pale roho inapokuwa mkononi, chini yake pameandikwa "Itaendelea". Nilijifunzia kusoma humo, nimekaa juu ya majora ya vitambaa. Baba alikuwa na sharti moja tu: hairuhusiwi kutangulia. Tunasoma toleo moja kwa siku, mimi na yeye, basi.

Nassor hakuzijali. Alikuwa mtu wa mpira, kisha akawa mtu wa Maskati, kisha akawa mtu wa kupiga simu siku ya Idi.

Baba alipofariki tukagawana mirathi. Nieleweke hapa: sina ugomvi na sheria ya Mungu. Nyumba imegawanywa, duka limegawanywa, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja, nikasema alhamdulillahi. Lilipofika kasha, shekhe alisema vitu vya namna hii ndugu huridhiana, mmoja akachukua kasha na mwenzie akapewa kingine. Nassor akakataa. Akasema haki ya mtu ni haki. Akakaa mkekani, akafungua kasha, akaanza kugawa kama mtu anayegawa karata. Mbili kwake, moja kwangu. Mbili kwake, moja kwangu. Toleo la kwanza na la pili kwake, la tatu kwangu, hivyo hivyo mpaka kasha likabaki tupu.

Nikamwambia, kaka, hizi ni hadithi zinazofuatana. Akaniambia nisimfundishe kuhesabu.

Sasa nina rundo la hadithi zisizo na mwanzo wala mwisho. Jasusi anaruka dirishani hapa kwangu, anatua Pongwe kwa Nassor. Huko Pongwe watu wanalia msiba, na maiti yao iko chini ya kitanda changu. Hakuna hadithi hata moja iliyo nzima, si kwake wala si kwangu, na mwenyewe anaona ametenda haki.

Ningenyamaza. Nimeshamnyamazia makubwa kuliko haya. Lakini kuna toleo moja.

Katika mwaka wake wa mwisho Baba alipotewa na kumbukumbu. Hakujua mwezi, hakujua kama ameshakula. Nassor alikuja kumwona mara moja, na Baba akampa mkono kwa adabu zote, akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Mimi niliyemlisha na kumwogesha aliniita Zuwena, jina la dada yake aliyekufa zamani. Nilikuwa naitika. Iliniuma, lakini nilikuwa naitika.

Kila alasiri nilimsomea. Hadithi ya mwisho, ambayo utotoni sikuwahi kuifikia, ilikuwa ya Kachero Kombo, anayemsaka mtu anayewauzia maadui siri za bandari. Tulifika toleo la kabla ya mwisho. Kombo amesimama mbele ya mlango wa ghala, msaliti yuko nyuma ya mlango, "Itaendelea". Baba akaweka kidole juu ya mlango ule, akaniangalia sawasawa, akasema, "Ni kaka yake huyo. Utaona kesho."

Kesho yake alikata kauli. Hakusema tena.

Je, alibahatisha au alikumbuka? Hadithi ile alikuwa ameisoma mara nyingi huko nyuma. Kama alikumbuka mwisho wake, basi kulikuwa na kitu bado kizima kichwani mwake, na pengine siku ile alipokuwa ananiangalia alikuwa ananiona mimi, si Zuwena. Hilo tu ndilo ninalotaka kulijua katika dunia hii. Jibu limo katika toleo la mwisho, na toleo la mwisho liliangukia fungu la Nassor kabla sijapata moyo wa kulifungua.

Leo nikameza kiburi changu, nikapanda bajaji mpaka kwake. Mkewe, wifi Rukia, alinipokea vizuri, maskini, akaniletea juisi ya ukwaju. Nassor alikuwa ukumbini na kanzu yake iliyonyooshwa. Nikampa shikamoo kwa kuwa Baba alinilea vyema, si kwa kuwa anaistahili. Nikamweleza yote: Zuwena, ghala, alichosema Baba. Sikuomba kulichukua. Niliomba kuona ukurasa mmoja, palepale, mbele ya macho yake.

"Hilo ni fungu langu," akasema. "Leo wataka kuona, kesho wataka kuchukua."

Wifi akamwambia kwa upole amwonyeshe tu mwenzie. Akainuka kwa kujivuta, akaingia chumbani, akarudi na toleo lile limefungwa kwenye nailoni. Akalifungua mwenyewe, amenigeuzia bega nisione. Akapekua mpaka mwisho. Alikaa na ukurasa ule muda mrefu kuliko picha moja inavyohitaji. Kisha akalifunga na kulikalia. Wallahi, alilikalia.

"Baba alikosea," akasema. "Msaliti ni yule dereva mwenye kofia. Na usijitie kuwa alikujua wewe. Hakumjua mtu."

Niliogopa nikifungua mdomo nitasema neno la kutufarakanisha mpaka kaburini. Nikamuaga wifi, nikaiacha juisi ilipo, na nikalia njia nzima kama mtoto. Dereva wa bajaji akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Nilipofika nyumbani nikalivuta rundo langu kutoka chini ya kitanda kwa nia ya kulichoma moto uani, lote, nipumzike. La Kombo lilikuwa juu. Toleo la tatu. Nikalifungua tu, kwa mazoea.

Dereva mwenye kofia anachomwa kisu gatini katika toleo la tatu.

Anakufa kabisa. Kombo anamfumba macho, watu wanamzika, na hatajwi tena katika yote tuliyosoma hadi pale mlangoni. Nilimsomea Baba mwenyewe kurasa hizi, na leo hasira zikanifanya nisahau. Nassor hawezi kulijua hilo. Yeye ana dereva mzima wa toleo la kwanza na la pili. Maiti yake ninayo mimi.

Kwa hiyo kaka yangu ameongopa. Kama Baba alikosea, kwa nini aongope? Angenifunulia ukurasa ule kwa furaha, angenisukumia usoni. Amelikalia kwa sababu aliyesimama nyuma ya mlango ni kaka yake Kombo, kama Baba alivyosema.

Baba alikumbuka.

Najua kinachomuuma Nassor. Yeye aliulizwa ni mtoto wa nani, na mimi niliangaliwa usoni. Siku nyingine pengine nitamhurumia kwa hilo. Leo sina huruma hata ya kumpa paka.

Rundo silichomi. Alasiri nitakaa uani nisome toleo la tatu kwa sauti, polepole, kama tulivyokuwa tunasoma. Na Nassor nitampa shikamoo yake kila Idi, kwa adabu zote, wala sitamwambia kamwe kwamba dereva alikufa zamani.