Mgongo Wangu ni Sita

Alhamisi, 18 Oktoba 2007

Kumi. Ningeandika nini kingine? Kompyuta iliuliza mgongo unauma kiasi gani, kutoka sifuri hadi kumi, nami sijazoea kudanganya kwenye fomu. Ikakataa kuendelea: muone daktari. Na daktari wa hapa Nakuru, baada ya miaka miwili ya vidonge, ndiye aliyenituma saiba, duka la kompyuta za kukodi, nikafuate mazoezi ya mgongo kwenye intaneti.

Njeri, msichana wa saiba, alicheka. "Mzee, ungesema sita. Hii mashine inaogopa wagonjwa."

Tukaanza upya na sita. Ikakubali. Zoezi la kwanza: lala chali sakafuni, kunja magoti. Njeri akasogeza viti, nikalala mbele ya wateja wote. Jumatatu bosi anataka nibebe magunia ya viazi au nimwachie mwingine kazi. Aibu ya nini?

Kuinuka kukanishinda. Wanaume wawili wakanishika makwapani. "Pole pole, mzee."

Kompyuta ikauliza kama nimepata nafuu. Njeri akaniangalia, hacheki tena.

Nikamwambia abonyeze ndiyo. Ikinifungia mara ya pili, sina pengine pa kwenda.